Mpinzani asiyeonekana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kukabidhi hati za kesi ya uchaguzi nchini Kenya

Majibu haya yanahusu kesi za kupinga matokeo ya ugavana, useneta, ubunge, uwakilishi wa kike na uwakilishi wadi. Kesi ya urais ina kanuni zake: hufunguliwa katika Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 tangu matokeo kutangazwa na huamuliwa ndani ya siku 14, kwa hiyo kukabidhi hati huko ni shughuli ya saa, wala si ya wiki. Usichanganye hesabu hizo na hizi zilizo hapa chini.

Nina siku ngapi za kumkabidhi hati mlalamikiwa?

Siku 15 tangu siku uliyofungua kesi. Muda huo umewekwa na kifungu cha 76 cha Sheria ya Uchaguzi ya 2011 na kurudiwa katika kanuni ya 10 ya Kanuni za Kesi za Uchaguzi wa Bunge na Kaunti za 2017. Kabla yake kuna ule muda mwingine, wa siku 28 za kufungua kesi, ambao umo ndani ya Katiba yenyewe, ibara ya 87(2). Siku hizo 28 zinahesabiwa tangu matokeo yatangazwe. Kuchapishwa kwa jina katika Gazeti Rasmi la Serikali hakuhusiki. Mahakama ya Juu ilimaliza ubishi huo mwaka 2014 katika kesi ya Joho na Shahbal, lakini bado kuna wanaohesabu kwa Gazeti Rasmi na kujikuta nje.

Tuchukue mfano. Tuseme matokeo ya ubunge yanatangazwa Alhamisi, 12 Agosti 2027. Siku ya mwisho ya kufungua kesi ni 9 Septemba. Ukifungua siku hiyohiyo ya mwisho, siku 15 za kukabidhi zinaishia Ijumaa, 24 Septemba. Katikati kuna mtego wa tatu: dhamana ya gharama, inayowekwa ndani ya siku 10 za kufungua kesi. Ni shilingi 500,000 kwa kesi ya mbunge au gavana, na shilingi 100,000 kwa mwakilishi wadi. Siku ya kumi katika mfano wetu ni 19 Septemba, Jumapili. Usikae kubishana na kalenda: lipa kufikia Ijumaa ya tarehe 17.

Je, ni lazima apewe mkononi?

La. Ibara ya 87(3) inasema kesi inaweza kukabidhiwa moja kwa moja, au kwa tangazo katika gazeti linalosambazwa nchi nzima. Kifungu cha 77(2) cha Sheria ya Uchaguzi na kanuni ya 10 zinasema hivyohivyo. Neno la kuangalia hapo ni "au". Tangazo la gazetini si njia ya pili inayofuata baada ya ya kwanza kushindikana. Zote mbili zina uzito sawa tangu siku ya kwanza.

Ndiyo maana tunashangaa kila msimu tunapoona mlalamishi amemaliza siku 12 akimwinda mtu kutoka nyumbani kwake hadi shambani hadi hotelini, kisha anakumbuka gazeti zikiwa zimebaki siku tatu. Mpinzani anayejificha hana nguvu yoyote isipokuwa ile unayompa wewe kwa kumtafuta.

Mbona basi mawakili wakongwe husisitiza mkononi?

Kwa sababu waliona moto. Baada ya uchaguzi wa Desemba 1997, Mwai Kibaki alifungua kesi kupinga ushindi wa Daniel arap Moi na kutoa taarifa ya kesi kupitia Gazeti Rasmi. Sheria ya wakati huo ilikuwa imefanyiwa mabadiliko, na njia nyingine za kukabidhi hazikutajwa tena. Mahakama ya Rufaa ikaamua Desemba 1999 kwamba Rais alipaswa kukabidhiwa yeye mwenyewe, na kesi ikatupiliwa mbali bila kura hata moja kujadiliwa. Jinsi raia angepenya walinzi wa Ikulu akiwa na bahasha ya kesi dhidi ya mwenye Ikulu, hilo lilikuwa shauri lake.

Mwaka 2005 mahakama hiyohiyo ililegeza kamba katika kesi ya Abu Chiaba, iliyotokana na kiti cha Lamu Mashariki: kukabidhi mkononi ndiyo njia bora, ila si njia pekee. Kisha Katiba ya 2010 ikaja na ile "au". Mazoea ya kabla ya hapo yamebaki vichwani.

Ninahitaji ruhusa ya mahakama kabla ya kutangaza gazetini?

Huhitaji. Ruhusa inaombwa katika kesi za kawaida za madai, chini ya Amri ya 5 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, ambako tangazo ni mbadala unaotolewa na mahakama baada ya kuonyesha kwamba umeshindwa kumpata mtu. Ombi la namna hiyo katika kesi ya uchaguzi litakula siku zako bila faida, maana hakimu au jaji anaweza kulipangia tarehe inayoangukia baada ya siku ya 15.

Tangazo lenyewe liweje?

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kanuni za 2017 zina fomu ya tangazo katika jedwali la kwanza. Ifuate kama ilivyo, usijitungie. Herufi zisipungue ukubwa wa 12. Karani wa matangazo atakuonyesha mpangilio wa herufi ndogo ili nafasi ipungue na bei ishuke. Kataa. Mwandikie barua pepe inayosema wazi "herufi zisiwe chini ya 12" na uihifadhi, maana siku upande wa pili utakapoleta rula mahakamani, barua hiyo ndiyo itakayoonyesha ulichoagiza. Hata hivyo, haitaongeza ukubwa wa kilichochapishwa, kwa hiyo omba kuona ukurasa uliopangwa kabla haujaenda mtamboni.

Hakikisha yafuatayo yamo: jina la mahakama na kituo chake, namba ya kesi na mwaka, kiti kinachobishaniwa, majina ya walalamishi wote na walalamikiwa wote, tarehe kesi ilipofunguliwa, na mahali ambapo mlalamikiwa anaweza kuchukua nakala. Andika majina kama yalivyo kwenye karatasi za kesi, herufi kwa herufi. Jina la kampeni ni kosa tunaloliona sana: mtu amepigiwa kura na kijiji kizima kwa lakabu, tangazo linatoka na lakabu hiyo bila majina yake rasmi, kisha wakili wake anauliza mahakamani ni nani huyo.

Namba ya kesi ni kosa la pili. Wengine hupeleka tangazo kabla masjala haijatoa namba na kuacha nafasi wazi, au kuandika namba ya malipo badala ya namba ya kesi. Subiri namba, kisha isome kwa sauti mara mbili ukilinganisha na karatasi iliyogongwa muhuri.

La tatu ni saa ya kufunga kurasa. Magazeti hufunga nafasi za matangazo mapema kuliko watu wanavyodhani, na hayachapishi kitu ambacho hakijalipiwa. Hundi inayosubiri kuiva benki inaweza kukutoa siku ya 15 na kukutua siku ya 16. Weka nafasi siku ya pili baada ya kufungua kesi, na tangazo litoke kabla ya siku ya saba. Hapo hata likitoka na kosa, una wiki nzima ya kulitoa tena.

Gazeti lipi linakubalika?

Linalosambazwa nchi nzima, kama Daily Nation au The Standard. Jarida la kaunti halitoshi, hata kama kila mtu pale hulisoma. Tovuti ya habari pia si gazeti kwa maana ya kanuni hii. Toleo la mtandaoni la gazeti la kitaifa liache liwe nyongeza tu.

Nikimwachia mke wake, mlinzi wa lango au karani wa ofisi, si nimemkabidhi?

Kanuni zinaeleza kwamba kukabidhi moja kwa moja ni pamoja na kumkabidhi mtu mwenyewe au wakala aliyeidhinishwa ipasavyo. Uzito uko kwenye "aliyeidhinishwa". Wakili aliyekuandikia kwamba ana maagizo ya kupokea hati hizo, huyo ni wakala, na barua yake ni dhahabu. Mlinzi wa lango si wakala. Karani wa ofisi ya wadi si wakala kwa sababu tu ana muhuri wa "IMEPOKELEWA". Muhuri unaonyesha kwamba karatasi ilifika mezani, hauonyeshi kwamba aliyeupiga aliruhusiwa kupokea kesi ya bosi wake. Mke au mume anaweza kupokea katika kesi za kawaida akiwa mtu mzima anayeishi pale, lakini katika kesi ya uchaguzi usiweke kiti kizima juu ya mabega yake.

Ukishaacha karatasi kwa mmoja wa hawa, usiseme umemaliza. Ziache, ziandike kwenye hati ya kiapo ya kukabidhi kama jaribio, na tangazo la gazeti liende kama lilivyopangwa.

Nimemkuta, lakini anakataa kupokea au kutia saini.

Kukataa hakumwokoi. Mwambie kwa sauti hati ni za nini: "Hii ni kesi ya kupinga uchaguzi wako, namba fulani, mahakama fulani." Mpe. Akikunja mikono, ziweke mbele yake anapoona, juu ya meza au boneti ya gari, kisha uondoke bila kuzichukua tena. Kosa kubwa la wapeleka hati wachanga ni kuziokota na kurudi nazo ofisini "zisipotee". Ukirudi nazo, hukukabidhi.

Hakuna haja ya kusukumana. Mlinzi akimziba, eleza kwa mlinzi mbele ya mhusika, weka hati pale, na uandike kila kitu ndani ya saa moja, kabla kumbukumbu haijapoa.

Nimtumie kwa WhatsApp au barua pepe?

Mtumie, lakini usihesabu kwamba umekabidhi. Mabadiliko ya 2020 yaliruhusu barua pepe na programu za ujumbe wa simu katika Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai. Kesi ya uchaguzi ina kanuni zake, nazo zimetaja njia mbili tu. Tiki mbili za buluu ni ushahidi mzuri kwamba mtu alijua kuna kesi, na kujua huko kutamharibia hoja kwamba aliumizwa kwa kutokabidhiwa vizuri. Mahali pa kukabidhi bado ni mkononi au gazetini.

Ni mbunge. Nimpelekee Bungeni?

Msubiri nje ya lango. Ndani ya maeneo ya Bunge utaingia kwenye ubishi wa kinga na haki za wabunge, ubishi ambao hauna uhusiano wowote na kura zako. Usipitishe hati kwa karani wa Bunge wala kwa afisa wa mapokezi ukidhani watazifikisha. Vikao vya kawaida vya Bunge la Taifa huwa Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kwa hiyo ratiba yake si siri. Pia kuna harambee, mazishi na ibada za Jumapili, ambako mwanasiasa hujitangaza mwenyewe siku mbili kabla. Kwenye mazishi, subiri watu watoke makaburini. Sheria haikukatazi mapema zaidi, lakini waombolezaji wanaweza.

Tume ya uchaguzi (IEBC) na msimamizi wa uchaguzi nao wanakabidhiwa vipi?

Kila mlalamikiwa anahesabiwa peke yake. Kumkabidhi mbunge hakumfikii msimamizi wa uchaguzi, na kuikabidhi Tume ya IEBC hakumfikii msimamizi pia, ikiwa umemtaja kama mlalamikiwa wa pekee. Tume haina pa kujificha: makao yake ni Anniversary Towers, barabara ya University Way, Nairobi. Peleka nakala, pigiwa muhuri wenye tarehe kwenye nakala yako, na uandike jina na cheo cha aliyepokea.

Msimamizi wa uchaguzi ndiye anayewasumbua watu, na hakuna anayemtarajia. Macho yote yako kwa mshindi, kumbe msimamizi amehamishwa au mkataba wake umeisha na simu imezimwa. Ofisi ya Tume katika eneobunge inaweza kukuambia "hatuna mtu huyo tena". Dawa yake ni rahisi: tangazo moja la gazeti liwataje walalamikiwa wote, hata wale ambao umeshawakabidhi mkononi. Nafasi inayoongezeka ni mistari miwili au mitatu.

Ni nini hasa anachokabidhiwa?

Kesi nzima kama ilivyofunguliwa: karatasi ya malalamiko, hati yako ya kiapo, hati za viapo vya mashahidi na viambatisho vyote. Hesabu kurasa mbele ya mpeleka hati. Ikiwa kuna video kwenye kifaa cha kuhifadhi data, kila mlalamikiwa apate chake. Nakala za karatasi zinazosema "tazama video" bila video ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili. Tumia nakala zenye muhuri wa mahakama na namba ya kesi, siyo rasimu iliyobaki kwenye kompyuta yako.

Hati ya kiapo ya kukabidhi iandikwe vipi?

Kesi nyingi huumia hapa, hata pale hati zilipokabidhiwa vizuri. Kiapo dhaifu husema: "Mnamo Septemba nilimpata mlalamikiwa wa kwanza na kumkabidhi hati, akapokea." Hicho hakijibu swali lolote. Linganisha na hiki:

"Jumanne tarehe 14 Septemba 2027, saa 10:20 alasiri, nilifika katika lango la nyumba ya mlalamikiwa wa kwanza nikiongozwa na mlalamishi, ambaye anamfahamu kwa kuwa walishiriki mikutano ya kampeni. Mlalamikiwa alitoka akiwa upande wa abiria wa gari jeupe. Mlalamishi alinionyesha, nami nilimtambua pia kwa picha iliyokuwa kwenye karatasi ya kura. Nilijitambulisha, nikamweleza aina ya hati, nikampa seti moja yenye kurasa 212. Alizipokea, akasoma ukurasa wa kwanza, akakataa kutia saini, akaingia ndani nazo."

Saa, mahali, nani alimwonyesha, alimtambuaje, alimpa nini, alifanya nini. Ongeza jinsi mpeleka hati alivyosafiri, na aambatishe leseni yake.

Sasa angalia ile "saa 10:20 alasiri". Mpeleka hati anasimulia kwa Kiswahili, wakili anaandika kiapo kwa Kiingereza, na saa kumi inakuwa saa nne usiku kwa mtu anayebadilisha namba bila kufikiri. Au saa nne asubuhi inageuka saa kumi jioni, wakati mlalamikiwa ana video ya televisheni inayomwonyesha kaunti nyingine jioni hiyo. Kiapo cha kweli kimekuwa cha uongo kwa sababu ya saa sita. Mpeleka hati asome kiapo chake mstari kwa mstari kabla ya kwenda kwa kamishna wa viapo, na aulizwe: jua lilikuwa wapi?

Kwa tangazo la gazeti, anayeapa aambatishe gazeti lenyewe, au ukurasa mzima wenye jina la gazeti na tarehe, pamoja na risiti. Kipande kilichokatwa kwa mkasi hakionyeshi kilitoka lini. Nunua nakala tano siku hiyohiyo. Baada ya mwezi mmoja zitakuwa zimefungia maandazi.

Anasema hakukabidhiwa kabisa. Nani anaaminiwa?

Mahakama huanza kwa kukiamini kiapo cha mpeleka hati, na anayekipinga ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha vingine. Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo katika kesi ya Shadrack arap Baiywo na Bodi Bach. Mpeleka hati anaweza kuitwa na kuhojiwa. Ataulizwa rangi ya lango, nyumba iko upande gani wa barabara, alipitia wapi, nani mwingine alikuwepo. Aliyeandika kijitabu chake papo hapo hujibu bila jasho. Aliyeapa akiwa ofisini kuhusu mahali asipofika hutambulika kwenye swali la tatu.

Siku 15 zimepita na sijakabidhi. Naomba nyongeza?

Unaweza kujaribu, lakini usiende na matumaini makubwa. Kanuni zinampa jaji uwezo wa kuongeza muda uliowekwa na kanuni. Siku hizi 15 zimo pia ndani ya Sheria, na upande wa pili utasema kwamba kanuni haiwezi kurefusha kilichofupishwa na Bunge. Ibara ya 159 ya Katiba, kuhusu kutozingatia ufundi wa kisheria kupita kiasi, hutajwa kila mara hapa. Haijawa ufunguo wa kila kufuli. Ukiomba, omba siku hiyohiyo unapogundua, na uambatishe orodha ya majaribio yote kwa tarehe na saa. Ombi lisilo na majaribio ya maandishi huonekana kama uzembe uliochelewa kuamka.

Hakukabidhiwa vizuri, lakini amejitokeza na kujibu kesi. Nimepona?

Mara nyingi, ndiyo. Mlalamikiwa aliyewasilisha jibu kamili na kuhoji mashahidi hupata taabu kueleza ameumia wapi. Ila angalia karatasi yake ya kwanza: akiandika kwamba anafika kwa kupinga namna ya kukabidhiwa, hajasamehe kitu. Rekebisha kasoro ikiwa siku zako hazijaisha, hata kama wakili wake anakutabasamia koridoni.

Amekabidhiwa na amenyamaza. Nimeshinda?

Hapana. Ana siku 7 za kuwasilisha jibu, na asipofanya hivyo hataruhusiwa kusimama kama upande unaoipinga kesi. Lakini mahakama haitoi kiti kwa sababu mtu amenyamaza. Fomu za matokeo, mashahidi na hesabu za kura bado utazithibitisha moja baada ya nyingine, na Tume karibu kila mara itakuwepo kukujibu. Kiapo chako cha kukabidhi kiwe tayari masjalani kabla ya siku hizo saba kuisha, kwa sababu jambo la kwanza jaji atakalouliza akiona kiti kitupu ni kama mwenye kiti alipata habari.